Jinsi Mheshimiwa Alivyovuka Daraja la Ng'ambo

Ipo nchi iitwayo Vifijo, na naomba nisiulizwe iko upande gani wa dunia, maana mtu akishaambiwa ilipo ataanza kudai kwamba viongozi wake anawajua. Ni nchi nzuri tu. Ina mto, ina mifereji, ina daraja la kuning'inia, na ina Wizara ya Maji, Madaraja na Matembezi, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kwamba vitu hivyo vinatazamwa. Kutumiwa ni jambo jingine, na wizara yake bado haijaundwa.

Sheria za Vifijo hazipigiwi kura. Zamani zilipigiwa, lakini ikaonekana kwamba kura huchelewesha maendeleo, na mbaya zaidi, kulikuwa na watu walioanza kuzihesabu. Siku hizi neno likishatamkwa kwenye kipaza sauti cha serikali, na likapigiwa makofi, basi limekuwa sheria palepale. Ndiyo maana msafara wowote wa serikali huongozana na Kikosi cha Makofi, watu wazima wenye sare, glavu nyeupe na vyeti vya chuo. Hawasikilizi kinachosemwa. Wamefundishwa kusikiliza pale sauti inaposhuka.

Asubuhi tunayoisimulia, Kidawa alisimama mbele ya lango la wizara, kipaza sauti mkononi, akiwangoja wageni wa Ziara ya Siku Moja ya Kujionea. Alikuwa mwongoza wageni wa wizara, na kazi hiyo alikuwa ameimudu kwa njia pekee inayowezekana, yaani kusema aliyoambiwa aseme huku akiwazia mboga ya jioni. Lakini siku hiyo roho ilikuwa juu. Hakuwa amelala, hata chai ilimshinda, na kila mara alikuwa akitazama jua limefika wapi.

Sababu ilikuwa mama yake, Bi Mashavu, aliyekuwa akiishi Ng'ambo, kijiji kilicho upande wa pili wa mto. Bi Mashavu aliteleza akichota maji, akavunjika mguu. Mguu ukafungwa vijiti na majirani, ukavimba, ukaanza kutoa harufu, na sasa alikuwa akiungua homa. Hospitali ilikuwa upande huu. Kutoka kitandani kwake, mlango ukiwa wazi, Bi Mashavu aliweza kuliona paa lake.

Daraja lilikuwepo, tena jipya, lakini nchini Vifijo kitu hakitumiki mpaka kizinduliwe, na hakizinduliwi mpaka mgeni rasmi awe wa kwanza kukivuka, kukinywa, kukikalia au kukilalia, kutegemea ni kitu gani. Wodi ya wazazi ya wilaya ilikuwa imefungwa siku nyingi kwa sababu mgeni rasmi aliyepangwa alikuwa mwanamume, na hakuna aliyejua aizindue vipi. Mitumbwi nayo haikuwepo tena. Nguzo za daraja ziliposimama tu, askari waliikusanya mitumbwi yote ya Ng'ambo wakaitia moto, kwa kuwa ni aibu nchi yenye daraja la kisasa kuonekana ina mitumbwi. Basi watu wa Ng'ambo wakabaki na daraja wasiloruhusiwa kulikanyaga na mto wasioweza kuuvuka, na kila mwaka wizara iliwapelekea salamu za pongezi zilizoruka hewani, kwenye redio.

Ziara ya siku hiyo ilikuwa na mambo matatu: kupanda mashua kwenye mifereji, kutembea kando ya mto, na mwisho kabisa Waziri kukata utepe na kuvuka daraja. Kidawa alijua kwamba utepe ukikatwa leo, mama anavuka leo. Usipokatwa, Ziara nyingine ni mwakani, na mguu ule haukuwa mguu wa kungoja mwakani. Alikuwa ameshampigia simu jirani yao, Ngoda, akamwambia wambebe mama na kitanda chake, wakamngoje kwenye kichwa cha daraja.

*

Mheshimiwa Dokta Mapambo, Waziri wa Maji, Madaraja na Matembezi, alifika wakati umande umekwisha kukauka. Alikuwa mtu wa umbo lililokubalika, mwenye shingo iliyozoea mashada ya maua. Udokta wake alitunukiwa na chuo kimoja baada ya kukipa chuo hicho barabara. Nyuma yake alikuja Afisa Itifaki Mkuu, Bwana Sululu, mwembamba, mnyoofu, ambaye usiku hulala chali ili asimpe mtu yeyote mgongo.

"Wageni waalikwa," akasema Kidawa kwenye kipaza sauti, "karibuni kwenye mifereji ya umwagiliaji, fahari ya taifa."

Makofi yakapigwa, na mifereji ikawa fahari ya taifa.

Mifereji yenyewe ilichimbwa kutoka chini kwenda juu, kwa sababu wizara ilitaka maendeleo yapande. Maji yalipoelekezwa humo yalitazama ule mlima yakarudi mtoni. Wizara haikukata tamaa. Ilinunua rangi ya buluu ikapaka sakafu ya mifereji yote, hivi kwamba kiongozi akipita juu kwa helikopta huona maji yametulia, na wakulima walio kando hutakiwa siku hiyo kuviringisha suruali hadi magotini.

Kwa ajili ya Ziara, maboza yalikuwa yameleta maji tangu alfajiri, kina chake kikafika kwenye vifundo vya miguu. Mashua ya wageni haiwezi kuelea kwenye maji ya kuoshea vyombo, hasa ikiwa imembeba Mheshimiwa. Kwa hiyo fundi alitoboa sakafu yake, chini wakaingizwa wanaume wa shoka walioibeba kwa mabega, na ubavuni kikatundikwa kitambaa kilichochorwa mawimbi. Mheshimiwa akaketishwa kwenye kiti cha velveti, Bwana Sululu na Kidawa wakasimama nyuma yake, filimbi ikapulizwa, na mashua ikaenda, huku ikiyumba kidogo kila mmoja wa mawimbi alipojikwaa.

"Injini hii ni ya wapi?" akauliza Mheshimiwa.

"Ni ya hapahapa nchini, Mheshimiwa," akajibu Bwana Sululu.

"Mbona haina kelele?"

"Imefundishwa, Mheshimiwa."

"Na inatumia mafuta gani?"

"Ugali, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akatikisa kichwa kwa kuridhika, Kidawa akamsogezea kipaza sauti. "Hivi ndivyo tunavyotaka. Tuache kuagiza injini kutoka nje." Kikosi kikapiga makofi, na uagizaji wa injini ukawa umekoma. Pale chini injini ikakohoa, kisha ikasema kwa sauti ndogo, "Mke wangu Hamisa aliniambia nisije."

Mheshimiwa alikichukua kipaza sauti mkononi mwa Kidawa. "Ndugu wananchi, nayatazama maji haya naona ni mengi, tena yamezidi mahitaji!" Makofi yakavuma. Ilipokwisha kuwa sheria kwamba maji yamezidi, Bwana Sululu aliagiza maboza yaondoke mara moja, kwa kuwa kuongeza maji mahali yalipozidi ni hujuma. Madereva walifukuzwa kazi wakiwa bado wameshika mipira ya maji. Maji yaliyokuwemo yalinyonywa na nyufa, na mashua ikaendelea na safari yake juu ya rangi.

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Kidawa. Alijikunyata nyuma ya kiti cha velveti akaipokea.

"Dada Kida, mmefika wapi?" Ilikuwa sauti ya Ngoda. "Sisi tuko darajani na kitanda. Bi mkubwa anaongea na marehemu baba yako. Fanyeni haraka, dada."

"Tunakuja. Mpeni maji, mfunikeni jua. Tunakuja sasa hivi."

Lakini mpigapicha alikuwa amempiga Mheshimiwa akiwa amefumba macho, na Mheshimiwa akaamuru safari irudiwe tangu mwanzo. Kidawa alimwendea Bwana Sululu, akainama kwa adabu zote.

"Bwana Mkubwa, muda unatutupa mkono. Tunatakiwa tuwe tumeanza matembezi."

"Tunatakiwa na nani?"

"Na ratiba, Bwana Mkubwa."

"Ratiba ina cheo gani?"

Kidawa alisimama akitazama jinsi mashua inavyogeuzwa na watu wasioonekana, akamwona mama yake machoni, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akafanya jambo ambalo hakuambiwa. Alishuka akamwendea mpishi mkuu wa msafara, aliyekuwa akipika kando ya mfereji, akamwambia kwamba wakubwa wameamua pilau iliwe darajani. Mpishi, kwa kuwa nchini Vifijo hakuna anayeuliza wakubwa gani, akapakia masufuria yote kwenye lori akaondoka. Kisha Kidawa akapita karibu na kiti cha velveti akisema, kama anayejisemea, kwamba harufu ile ya pilau mbona inaelekea kwenye daraja.

Mheshimiwa alisimama mwenyewe, bila kusaidiwa. "Tumeshaiona mifereji," akasema. "Twendeni."

*

Njia ya kando ya mto ilikuwa nzuri kweli, na hilo nalisema bila kebehi, maana wizara haikuwa imeigusa. Matete yalikuwa yamechanua, mto ulikwenda kwa kishindo upande wa kushoto, na kwa mwendo wa kawaida mtu angefika darajani kabla jasho halijamtoka. Kidawa akatangulia. Hakuwa amekwenda mbali aliposikia Bwana Sululu akipiga ukelele.

"Simameni! Mto uko kushoto!"

Kila mtu akasimama kama alivyo, mguu mmoja hewani.

"Itifaki ya Vifijo iko wazi," akasema Bwana Sululu. "Kitu chenye heshima hukaa kulia kwa Mheshimiwa. Kushoto huketi manaibu, waliostaafu na wapinzani. Mto ukikaa kushoto, tutakuwa tumeushusha cheo bila amri ya Rais. Au tumeusimamisha kazi. Nani yuko tayari kujibu hilo?"

Hakuna aliyekuwa tayari. Mgeni mmoja alipendekeza mto uhamishwe. Mwingine, aliyekuwa mkurugenzi, alisema waende upande ule mwingine ili mto uwe kulia, akaelezwa kwamba upande huo unaelekea mbali na pilau, akanyamaza. Mheshimiwa alianza kuuma kucha. Ndipo Bwana Sululu alipofumba macho, akashika paji la uso, akapata lile wazo ambalo baadaye alipewa nishani kwalo.

"Tutembee kinyumenyume," akasema.

Wakageuka. Sasa mto ulikuwa kulia kwa Mheshimiwa, mahali pake pa haki, na msafara mzima ukaanza kwenda darajani kwa visigino, makatibu, wakurugenzi, mtangazaji wa Redio Vifijo na Kikosi cha Makofi, wote wakitazama walikotoka. Kidawa naye alilazimika kugeuka, kwa hiyo akawa anaongoza watu waliompa mgongo kwenda mahali asipopaona, akisema kwenye kipaza sauti, "Nyuma yetu, yaani mbele yetu, kuna jiwe, jihadharini." Onyo lilifika kila mara baada ya mtu kuanguka. Yule mkurugenzi alikwenda kinyumenyume hadi mtoni, akazama mpaka kidevuni, akatolewa na matete kichwani, na alipoulizwa na redio hali ikoje alisema kwamba mto ni mzuri sana kwa ndani.

"Kwa kweli," akasema Mheshimiwa, akirudi nyuma kwa madaha hadi kwenye kipaza sauti cha Kidawa, "mtu akitembea hivi anaona vizuri tulikotoka."

Makofi yalipigwa, na tangu siku hiyo watumishi wote wa wizara hutakiwa kuingia ofisini kinyumenyume. Wapo waliovunjika nyonga. Wengine wamepandishwa vyeo.

Kidawa alikuwa anasaga meno. Zamani mambo haya yalikuwa yakimchekesha, usiku akifika nyumbani huyasimulia na kucheka mpaka akashika mbavu. Leo kila kisigino kilichoburutwa kilikuwa kinaburutwa juu ya mguu wa mama yake. Aliwatazama watu wale wenye suti, wanaorudi nyuma kwa uso wenye fahari, akawadharau mmoja mmoja, kisha akajidharau mwenyewe kwa kuwa ndiye aliyeshika kipaza sauti.

*

Walifika darajani kwa migongo, na ndiyo sababu Mheshimiwa hakuliona daraja mpaka alipoambiwa ageuke.

Daraja la Ng'ambo limening'inizwa kwa nyaya za chuma juu ya korongo refu. Mbao zake zimeachana kidogo, ili upepo upite, na katikati ya mbao mtu huona maji meupe kule chini yakigonga miamba. Likiguswa linayumba, kwani hivyo ndivyo lilivyoundwa. Upande wa pili walionekana watu wa Ng'ambo wamejaa, kimya, na mbele yao kitanda cha kamba kilichotundikiwa kanga kuzuia jua. Kidawa aliijua ile kanga. Alipunga mkono, na kutoka chini ya kanga mkono mwembamba ukainuka kidogo ukaanguka.

Mheshimiwa alisoma hotuba yake haraka haraka, jicho likiwa kwenye masufuria. Alisema serikali haiogopi mito, wala makorongo, wala maadui walioko kwenye makorongo. Mkasi uliletwa juu ya mto wa hariri. Utepe ukakatwa, vigelegele vikapigwa, na Kidawa akalia hapohapo, bila haya, mbele za watu. Kilichobaki ni Mheshimiwa kuvuka tu.

Mheshimiwa akakanyaga ubao wa kwanza. Akakanyaga wa pili. Daraja likayumba.

"Sululu."

"Naam, Mheshimiwa."

"Linatikisika."

"Linakupa heshima, Mheshimiwa."

"Liambie imetosha."

Bwana Sululu aliligeukia daraja akalikemea. Daraja, kwa kuwa halikusoma itifaki, likayumba zaidi. Mheshimiwa alipiga hatua chache nyingine, akatazama katikati ya mbao, akaona kule chini, na papo hapo akaukumbatia waya wa pembeni kwa mikono miwili na mguu mmoja. Kiatu kikamtoka kikabaki ubaoni. Akafumba macho.

"Ndugu wasikilizaji," akasema mtangazaji wa Redio Vifijo, aliyekuwa hewani moja kwa moja nchi nzima, "Mheshimiwa sasa anaukagua waya. Anaukagua kwa karibu. Naweza kusema hajawahi kutokea waziri aliyekagua waya kwa karibu namna hii. Sasa anauambia jambo. Nasikia anamtaja mama yake."

Askari walimbandua kidole kimoja kimoja, wakambeba wakarudi naye. Gari la wagonjwa la msafara lilisogezwa hadi mwanzo wa daraja, akaketishwa mlangoni, akapewa glukosi kwenye glasi, akaipenda, akaomba nyingine.

Kidawa alimkimbilia Bwana Sululu. "Bwana Mkubwa, utepe umeshakatwa. Niwaruhusu watu wapite?"

"Hawezi kupita mtu kabla ya mgeni rasmi kuvuka."

"Ndiyo maana nauliza, Bwana Mkubwa. Si hajavuka?"

"Koma! Mheshimiwa hashindwi kuvuka."

"Basi amevuka?"

"Angevuka asingekuwa hapa anakunywa glukosi."

"Sasa tushike lipi? Amevuka au hajavuka?"

"Ndiyo," akasema Bwana Sululu, akimkazia macho.

"Mama yangu yuko pale, baba. Ule mguu umeoza. Nakuomba. Nitakupigia magoti."

Bwana Sululu alitazama kule alikoonyeshwa, si kwa kumwona mama wa mtu, bali kwa kupima umbali. Jicho lake likasimama kwenye kile kiatu kilichobaki ubaoni. Akafumba macho tena, akashika paji la uso, na waliomjua wakatafuta mahali pa kujificha.

"Daraja hukoma wapi?" akauliza kwa upole. "Hukoma pale mvukaji anapofika. Mheshimiwa alifika pale penye kiatu. Basi pale ndipo mwisho wa daraja, na Mheshimiwa amevuka."

"Na kule mbele ya kiatu?"

"Mbele ya mwisho hakuna kitu, binti yangu."

Alimnong'oneza Mheshimiwa, na uso wa Mheshimiwa ukarudiwa na damu. Alisimama, akavuta koti, akapanda kwenye jukwaa na mguu mmoja ukiwa na soksi tupu. Akatangaza mbele ya taifa zima kwamba amelivuka daraja lote, kwamba daraja linakoma pale alipofika, na kwamba kile kiitwacho Ng'ambo hakipo, hakijapata kuwepo, na aliyedai kukiona ni mchochezi. Makofi yalivuma mpaka ndege wakaruka kutoka mateteni. Fundi wa rangi akaitwa, akaifuta nusu ya ramani iliyokuwa kwenye bango. Wageni walioketi wakitazama mto waligeuza viti vyao, na mmoja aliyeuliza wale watu kule ni akina nani aliulizwa yeye ni nani, naye akakosa uhakika.

"Mwongozaji," akaita Bwana Sululu. "Waeleze wageni wanachokiona."

*

Kidawa alikishika kipaza sauti. Mbele yake, pale palipokuwa hapapo, kanga ilikuwa inapepea na chini yake mama yake anaungua. Hasira ilimpanda mpaka akahisi masikio yanawaka. Kazi hii ameifanya miaka yote hiyo. Amesema mifereji imejaa, ikajaa, amesema watu wameshiba, wakashiba, na leo anatakiwa aseme mama yake mzazi hayupo. Watu mia na zaidi walikuwa wanamtazama, sahani mkononi, wakingoja aseme ili wale.

"Wageni waalikwa," akasema, "mbele yenu hakuna kijiji."

Sauti ikashuka, makofi yakapigwa. Bwana Sululu akatabasamu.

"Hakuna mtu, hakuna mtoto, hakuna mbuzi."

Makofi.

"Na kwa kuwa hawapo," akaendelea Kidawa, akiwatazama watu wa glavu nyeupe, "hakuna askari wa kuwazuia wala afisa wa kuwauliza wanakwenda wapi, wakipita popote, leo na siku zote." Akaishusha sauti taratibu, mpaka chini kabisa, kama walivyozoea.

Kikosi kikapiga makofi. Yalikuwa makofi mazito, ya kuunguza viganja, na Bwana Sululu alipofumbua mdomo kusema hapana yalikuwa yamekwisha. Ilikuwa imeshakuwa sheria.

"Ngoda!" akaita Kidawa, na sauti ikapiga korongoni ikarudi. "Mleteni mama! Vukeni wote!"

Wanaume wa Ng'ambo wakainama wakakiinua kitanda. Daraja likayumba nao wakayumba nalo, wakaja, wakakiruka kiatu cha Mheshimiwa, na nyuma yao kikaja kijiji kizima, wanawake na vikapu vya muhogo, wazee na mikongojo, mbuzi na kuku wao. Askari walitazama mawingu. Wageni waliinamia sahani zao, wakaona minofu ya pilau inaondoka yenyewe, wasiseme neno, maana ukisema unaona mkono wa mtu asiyekuwepo utaambiwa wewe ndiye mchochezi. Mbuzi mmoja asiyekuwepo alipanda jukwaani akaanza kuila hotuba.

Njia ya kwenda kwenye gari la wagonjwa ilipita mbele ya jukwaa. Mheshimiwa alikuwa bado amesimama pale, kipaza sauti kingine mbele yake, redio ikiwa hewani, akirudia kwamba nchi imetulia na kwamba upande wa pili haujawahi kukaliwa na mtu. Kitanda kikafika usawa wake. Bi Mashavu alifunua kanga usoni akamtazama.

Waziri ni waziri, lakini kabla ya hapo alilelewa na bibi. Mtoto aliyelelewa na bibi akitazamwa na mtu mzima macho kwa macho, kuna neno linalomtoka kabla hajafikiri, na akichelewa anafinywa. Hakuna chuo cha uongozi kilichowahi kulitoa neno hilo mwilini mwa mtu.

"Shikamoo, mama," akasema Mheshimiwa Dokta Mapambo, na nchi nzima ikasikia.

Bwana Sululu alishika kichwa. Kikosi kilikuwa kimeinua mikono, lakini mikono ikabaki hewani, kwa sababu hata wao walizaliwa na watu, na shikamoo haipigiwi makofi, hungojewa kuitikiwa. Wakangoja. Wageni wakangoja na vijiko mdomoni. Mheshimiwa mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama inavyotakiwa.

Bi Mashavu alimwangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye ile soksi. Midomo ilikuwa imemkauka, lakini kila neno lilisikika.

"Ngoda, mwanangu, twende," akasema. "Kuna mtu ananisalimia, nami sipo. Nitaitikaje?"

Akajifunika kanga. Dereva wa gari la wagonjwa aliruka chini akafungua milango yote miwili bila kuamriwa, kitanda kikaingizwa, Kidawa akakitupa kipaza sauti majanini akapanda akamshika mama yake mkono, na gari likaondoka likielekea mbele, mto ukiwa upande wowote uliotaka kuwa.

Mguu wa Bi Mashavu uliokolewa, ingawa daktari alisema ilikuwa bado kidogo tu. Watu wa Ng'ambo wanavuka asubuhi na jioni, hakuna anayewauliza. Na Mheshimiwa, kila aendako, kwenye mikutano, kwenye misiba, hata kwenye harusi ya mwanawe, akiwapa shikamoo wazee wa nchi ile wanamtazama, wanajifunika, wanapita. Hajaitikiwa mpaka leo.